Ramani Alizoacha Ndugu Yangu

Mdogo wangu alifia Kitale, msimu wa palizi, baada ya kuugua wiki moja tu. Mimi ndiye niliyetumwa kutoka kwetu Bumula kwenda kuchukua vitu vyake, kwa sababu tulifuatana kuzaliwa, na kwa sababu kinu cha kusaga mahindi nilichofanyia kazi kilikuwa kimekatika mkanda, kwa hiyo sikuwa na kisingizio.

Alikuwa akiishi na mke wake na watoto wawili katika vyumba viwili vya mabati nyuma ya soko. Cha nyuma walilala. Cha mbele kilikuwa na televisheni mbili, mashine mbili za gemu na mabenchi, na watu waliingia kucheza. Kabla ya hapo alikuwa mwandishi wa mabango ya maduka. Ukitembea Kitale miaka ile, mabango ya vinyozi na mabucha mengi yalikuwa na herufi zake. Nilizijua kwa mkia wa R, aliouvuta chini kama mtu anayeburuta mguu.

Mke wake alinipa kila kitu bila kuombwa. Nguo, viatu, brashi, makopo ya rangi iliyokauka, redio. Lakini nilipoinama kuvuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, alinitangulia. Alilifungua mwenyewe, akatoa daftari nene lenye jalada jeusi, akalifunga haraka ndani ya leso na kulisukuma chini ya godoro la watoto.

"Hiyo ni nini, mulamwa?" nikamwuliza. Kwetu shemeji huitwana hivyo, wa kike na wa kiume.

"Ni mambo yake ya gemu tu."

"Si unipatie nibebe na hizi zingine?"

"Hii wacha, mulamwa. Hii haina kazi huko."

Hakunitazama. Nilifunga mzigo. Siku ya kusafirisha mwili nilikaa karibu na jeneza njia yote, na ningependa kuandika kwamba nilikuwa nikimlilia ndugu yangu. Nilikuwa nikifikiria lile daftari.

Kwetu mtu wa miaka thelathini na moja hafi hivi hivi. Watu walikuja matangani wakiuliza alikula nini mara ya mwisho, na nani alimpikia, na kwa nini hakuletwa nyumbani mapema. Mke wake alikuwa mtu wa Myanga, si mbali na kwetu, lakini alikuwa amekaa Kitale muda mrefu, na wanawake wa boma walimwona kama mtu wa mji. Alilia kwa sauti ndogo. Hilo nalo lilitiwa maanani. "Huyu analia kama mtu anafikilia kitu ingine," nilimsikia mmoja akisema jikoni, na mwenzake akajibu, "Si afikilie, bana. Ako na mengi ya kufikilia."

Siku ya tatu baada ya mazishi tulinyolewa nywele. Kwetu siku hiyo ukoo huketi uwanjani, na mambo ya marehemu huwekwa wazi: ameacha nini, kiko wapi, kitashikwa na nani. Anayejua jambo akanyamaza siku hiyo huhesabiwa kuwa amelificha. Alitajwa ng'ombe mmoja, ikatajwa baiskeli, zikatajwa mashine za gemu, ambazo watu walizisema kwa uangalifu kama vitu vinavyoweza kuuma. Kisha baba mdogo, aliyeshika boma tangu baba yetu afe, akauliza kama kuna mwenye neno lingine.

Nilisimama. Hakuna aliyenisukuma. Nikasema, "Kuna daftari. Mulamwa ako nayo. Aliificha nikiona."

Mke wa ndugu yangu aliinuka, akaingia nyumbani, akarudi na daftari likiwa bado ndani ya leso ile ile. Kumbe alikuwa amelibeba kutoka Kitale. Hata hilo nililiona kuwa ushahidi: kama ni kitu kisicho na kazi, mbona alisafiri nacho?

Baba mdogo alivaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akalifungua magotini. Watu wakasogea.

Kila ukurasa ulikuwa ramani. Barabara, mito, madaraja, kuta, milango, kwa wino wa rangi nne, na pembeni maandishi yake safi ya mabango. Baba mdogo alisoma kwa sauti, polepole. "Ghala la Majitu. Majitu yamelala ndani ya nafaka mpaka shingoni. Ufunguo uko juu ya mnara wa saba." Akafunua. "Kinamasi. Swara wanatembea chini ya maji. Usikanyage nyasi iliyo mbichi sana, ni shimo." Akafunua. "Mji wa Pangoni. Ndovu wanalinda chumvi. Ingia bila taa." Akafunua. "Mahindi Yasiyoisha. Ukipotea, fuata moshi."

"Hiyo ya kwanza ni Kitale," mtu mmoja akasema. "Si ni zile ghala kubwa za mahindi?"

"Na hiyo kinamasi iko," mwingine akasema. "Ni njia ya kwenda Kapenguria. Hao swara wako. Mimi nimewaona na macho."

Basi watu wakaanza kulitazama daftari kwa jicho jingine, kwamba ni kitabu cha mahali palipo kweli. Baba mdogo aliendelea kufunua mpaka akafika ukurasa mmoja, akaweka kidole hapo. Ukurasa huo haukuwa na jitu wala ndovu. Ulikuwa na nyumba moja, mti wa parachichi, kijito nyuma ya nyumba, na barabara yenye mshale ulioandikwa Kwanza, jina la soko moja nje ya Kitale. Kwenye ukingo mmoja wa ua palikuwa na namba 50. Kwenye ukingo wa pili, 100.

Futi hamsini kwa mia. Hakuna mtu mzima Kenya asiyejua kipimo hicho. Ndivyo ploti zinavyokatwa na kuuzwa, mjini na sokoni.

"Hii si mchezo," baba mdogo akasema. "Hii ni lamani ya ploti. Kijana alinunua ploti Kwanza, na huyu mama anajua hati iko wapi."

"Baba, hakuna ploti," mke wa ndugu yangu akasema. "Hizo ni nchi za gemu. Alikuwa anazitunga."

"Nchi za gemu." Baba mdogo aliwageukia watu, na wachache wakacheka. "Ati mwanaume mzima, baba ya watoto wawili, anakaa chini anachora nchi yenye haiko?"

"Alikuwa anataka kuwatumia wale watu wanatengeneza gemu. Alisema mahali petu ni pazuri kuliko zao."

"Wapi? Bumula?" mtu akauliza, na sasa kicheko kikawa kikubwa.

Mimi sikucheka. Nilimwuliza, "Kama ni mchezo tu, mbona uliificha?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu Kitale. "Niliogopa pasta," akasema. Alieleza kwamba kanisani kwao watu walikuwa wakisema gemu ni za shetani, na ndani ya daftari kulikuwa na ndovu wenye macho ya watu, na kama pasta angeliona angekataa kumzika. "Nilitaka azikwe na wimbo," akasema.

Wanawake wawili watatu waliitikia kwa vichwa. Nadhani walimwamini. Lakini wao hawakuwa wasemaji siku ile.

Baba mdogo alifunga daftari akatoa uamuzi. Ndugu yangu alipooa alikuwa amegawiwa sehemu ya shamba chini ya boma, akajenga nyumba hapo, ingawa alikuja mara chache. Nyumba hiyo na sehemu hiyo zingekuwa za mke wake na watoto, kama kawaida. Lakini kama mke huyo alikuwa ameficha ploti ili aende nayo kwa mwanaume mwingine, basi nyumba na shamba vingerudi kwa ukoo. Ningefuatana naye Kitale na Kwanza, kisha nirudi niseme nilichokiona. "Wewe ndiye ulisema," akaniambia. "Wewe ndiye utaenda."

Tuliondoka wiki iliyofuata, watoto wakabaki na mama yangu. Mjini Kitale nilitembea hatua chache nyuma ya mulamwa. Nilitaka kuona nani anamsalimu, na anamsalimu vipi. Wanawake wauza mboga walimshika mkono wakampa pole. Mwanamume mmoja mwenye duka la mbegu alimpa pole pia, nikamtazama viatu.

Tulianza na maghala. Tulisimama nje ya ua nikalifungua daftari, nikalinganisha. Ni kweli ndugu yangu alikuwa ameyachora haya, lakini alikuwa ameyapa madirisha madogo juu kabisa, na katika kila dirisha sikio moja kubwa. Nilikuwa nikihesabu minara kwa kidole mlinzi alipotokea.

"Nyinyi mnaangalia nini hapo?"

"Tunaangalia ghala," nikasema.

"Ghala haiangaliwi, mzee. Ghala inajazwa. Uko na mahindi?"

"Sina."

"Basi songa. Na hiyo kitabu unaandika nini ndani?"

Tulisonga. Mulamwa aliziba mdomo kwa leso, na mabega yake yakatikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Sikujua kama mjane anaruhusiwa kucheka mapema hivyo, na jambo hilo nalo nililiweka akilini pamoja na mengine.

Karibu na chumba cha gemu palikuwa na fundi wa redio, mtu wa makamo ambaye wazazi wake walitoka upande wa Nyeri zamani wakanunua shamba Trans-Nzoia. Ndiye aliyekuwa akitengeneza mashine za ndugu yangu zikiharibika. Alimwita mulamwa "mama watoto," akamvutia kiti kabla ya kunivutia mimi. Nikaona, hapa ndipo.

Nilimwambia shida yetu bila kuficha. Alisikiliza, akafuta mikono, akasema, "Njoo nikuonyeshe kitu kwanza." Alitupeleka chumba cha mbele, akawasha televisheni moja na mashine yake.

Sikuwa nimewahi kutazama gemu kwa makini. Mtu mdogo alitokea akitembea kwenye theluji. Mbele yake palikuwa na jumba la mawe lenye minara mirefu.

"Huyu anaenda wapi?" nikauliza.

"Popote unamwambia."

"Na anatafuta nini?"

"Saa zingine hata yeye hajui. Anaingia tu." Fundi alimsogeza mtu yule mpaka mlangoni. "Sasa ndugu yako alikuwa anakaa hapa na hii kitu inamkasirisha. Anasema, hawa watu kila siku ni theluji na mawe, theluji na mawe. Hawajawahi kuona Elgon asubuhi ikiwa imefunikwa na mawingu. Anasema mahali pazuri pa gemu ni mahali mtu anaogopa na bado anataka kuingia. Akaanza kuuliza watu. Kila mtu anakuja kwangu na redio, anamwuliza, ukiwa mtoto ulikuwa unaogopa wapi?"

"Watu walimjibu?"

"Wengine walimwona mwenda wazimu. Lakini hiyo ya mahindi ni yangu." Alichukua daftari akafungua ukurasa wa Mahindi Yasiyoisha. "Nilipotea kwa shamba ya baba nikiwa wa miaka sita. Mahindi yalikuwa juu kuliko nyumba. Nilitembea mpaka nikaacha kulia. Halafu nikaona moshi wa jikoni ya mama juu ya mahindi, nikafuata. Nilimwambia hivyo tu. Ona vile ameweka. Ati ukikimbia, mistari inageuka. Ukitembea pole, inakaa."

"Na hao watu wa gemu, aliwaandikia?"

"Aliandika kwa kompyuta, pale karibu na posta. Mara mbili."

"Wakajibu?"

"Nani atajibu mtu wa Kitale?"

Niliendelea kufunua peke yangu, na karibu na mwisho nikafika ukurasa ulioitwa Kisima cha Jina. Ulikuwa kisima cha kwetu. Nilikijua kwa jiwe la kukanyagia na mteremko. Maandishi yalisema: "Ndani kuna anayekujua. Akikuita mara moja, nyamaza. Akikuita mara ya pili, nyamaza. Usimjibu hata kama ana sauti ya kaka yako."

Uongo huo ulikuwa wangu. Nilipokuwa na miaka kumi niliachiwa nimchunge, na kwa kuwa nilitaka kwenda kucheza mpira nilimwambia kuna mtu ndani ya kisima anayeita watoto kwa majina. Ili aamini, nilijificha nyuma ya mteremko nikamwita. Hakukaribia kisima kile peke yake mpaka alipotahiriwa. Sikuwa nimemwomba msamaha, wala sikujua kwamba alikuwa amekumbuka. Nilifunga daftari, nikamwambia fundi nina kiu, nikatoka nje nikasimama ukutani.

Niliporudi ningeweza kusema imetosha. Lakini nilifungua ule ukurasa mwingine. "Na hii?"

Fundi aliusogeza kwenye mwanga. "Hii hakunionyesha," akasema. Kisha akamtazama mulamwa, naye mulamwa akatazama chini.

Jicho lile nililiona. Ningekuwa mtu mwenye akili nyingi zaidi pengine ningejua maana yake. Niliona tu watu wawili wanaojua jambo nisilolijua.

Kesho yake tulikwenda Kwanza. Ilikuwa siku ya soko. Niliuliza kwa mzee wa kijiji, nikauliza kwa mtu anayeuza ploti, ambaye alikuwa na kibanda na kiti kimoja. Alipekua karatasi zake akasema jina la ndugu yangu halipo. Nilipopumua akaongeza, "Lakini hapa wengi wananunua kwa mdomo, mzee. Karatasi inakuja baadaye, ama haikuji." Kwa hiyo kutokuwepo kwa jina hakukuthibitisha kitu.

Tulifuata mshale. Ulituelekeza kwenye barabara ya udongo, mahindi kila upande yakiwa magotini. Vijito ni vingi upande ule, na miparachichi iko kila boma. Tulipita nyumba nne tano. Kisha tukaona moja iliyofanana na mchoro, nikaongeza mwendo. Parachichi mbele, maji nyuma. Mama mmoja alikuwa akipalilia na jembe, na mbwa amelala kivulini.

"Mnatafuta nani?" akauliza kabla hatujabisha.

"Shikamoo mama. Hii shamba ni yako?"

Alisimamisha jembe. "Tangu baba yangu. Nyinyi ni akina nani wa kuniuliza?"

"Tunauliza tu. Kuna mtu amewahi kuuziwa sehemu hapa?"

"Ahaa. Mmetumwa na ndugu yangu." Aliliona daftari mkononi mwangu. "Na ramani mmekuja nayo! Mwambie hivi, mwambie nimesema hivi: sijafa. Simba! Simba!"

Mbwa aliinuka. Hatukungoja aelezwe zaidi. Tulikimbia barabara ya udongo, mimi mtu wa miaka thelathini na mitatu na mjane aliyenyolewa nywele, mpaka mbwa akachoka na yule mama akabaki akitupigia kelele kutoka kwenye mahindi yake.

Tulikaa juu ya ukingo wa daraja dogo kupumzika. Mulamwa alivua kiatu akatoa jiwe, na hakukivaa tena mara moja.

"Mulamwa," akasema, "wewe unadhani mimi ni mtu gani?"

Nilitazama maji chini ya daraja.

"Hiyo ukurasa nitakuambia. Alimaliza kuuliza watu wote, akaniuliza mimi. Ukiwa mtoto uliogopa wapi? Nikamwambia sikumbuki. Akasema basi, ungetaka kuwa wapi? Siku hiyo tulikuwa tumetoka hapa Kwanza kununua mahindi ya kula. Nikamwambia nataka hamsini kwa mia, na avokado, na maji karibu nisibebe mbali. Akachora. Akasema kila gemu lazima iwe na mahali mchezaji anapumzika, adui hawaingii. Ndiyo hiyo. Hatukuwahi kununua. Tungenunua na nini?"

"Mbona hukusema hivyo siku ile?"

"Mbele ya wanaume wote wale? Nisimame niseme kitu nilikuwa natamani, wacheke?" Alivaa kiatu. "Fundi anajua, kwa sababu ndugu yako alikuwa anamwambia kila siku, nitampatia huyu mama hamsini kwa mia. Ndiyo maana alinitazama."

Nilitafuta uongo katika uso wake. Niliona mwanamke aliyechoka, mwenye vumbi hadi magotini. Hata hivyo nilijiambia kwamba mtu mwongo naye huchoka, na vumbi humshika vilevile.

Tuliporudi Bumula ukoo uliketi tena, Jumapili baada ya kanisa. Nilisimulia yote kwa mpangilio. Maghala na mlinzi, fundi na mahindi yake, uongo wangu wa kisimani, ambao watu waliucheka sana, yule muuza ploti, yule mama na mbwa, na maneno ya mulamwa pale darajani. Sikuongeza kitu wala sikupunguza. Alipokuwa akisikia maneno yake ya darajani yakisemwa uwanjani, mulamwa alivuta leso akajifunika kichwa. Hakuwa ameniruhusu kuyasema. Sikuwa nimemwuliza.

"Umemaliza?" baba mdogo akauliza.

"Nimemaliza."

"Hati hukuona."

"Sikuona."

"Ploti hukuona."

"Sikuona, baba."

"Lakini huyo mwenye kibanda alisema watu wananunua kwa mdomo."

"Alisema."

Baba mdogo alivua miwani. "Basi tuache maneno mingi. Wewe ndiye umetembea naye. Wewe ni ndugu ya marehemu, mmefuatana. Ukisema unamwamini, mimi nitanyamaza na hii mambo itaisha leo. Unamwamini?"

Kila mtu aligeuka. Mulamwa alikuwa ameketi kwenye nyasi upande wa wanawake, mtoto mdogo magotini. Nilijua vizuri jibu langu lingefanya nini. Nilitaka kusema ndiyo. Nililitafuta neno hilo ndani yangu kwa haki, na nikakuta lile jicho la fundi, na daftari likisukumwa chini ya godoro, na kicheko nje ya maghala. Nilikuwa nimelelewa kutosema neno ambalo sina moyoni.

Nikasema, "Sijui."

Baba mdogo aliitikia taratibu, kama mtu aliyepewa haki yake. Akasema nyumba itabaki imefungwa na shamba litashikwa na ukoo mpaka mambo yajulikane. Mama yangu alianza kusema, "Lakini watoto," mtu akamwambia, "Mama, ngoja," akangoja.

Mulamwa hakungoja mambo yajulikane. Aliondoka baada ya siku mbili na watoto kwenda kwao Myanga, na baada ya mwezi tukasikia amerudi Kitale na kufungua chumba cha gemu.

Daftari lilibaki kwa baba mdogo. Alikwenda nalo Kwanza mara nyingi, mwaka ule na uliofuata, akiwa amevaa koti lake la mikutano. Nadhani alikimbizwa na mbwa wengi. Sehemu ya ndugu yangu ilipandwa miwa. Kisha siku moja alipita kinuni, akaniwekea daftari juu ya mizani, akasema, "Chukua mchezo yenu," akaenda zake.

Nililisoma Jumapili kadhaa mchana, nimekaa nje. Ningependa kusema nilipata kitu ndani yake, karatasi au tarehe au neno lililomsafisha mulamwa. Sikupata. Kurasa zilikuwa zile zile. Lakini kwa kulisoma nilianza kumkumbuka mwenyewe, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu afe, kwa sababu nilikuwa nimeshughulika na kumpeleleza mke wake. Nilikumbuka kwamba hakuweza kuficha kitu. Ukimpa kipande cha sukari guru akuwekee, atazunguka boma zima akimwonyesha kila mtu mahali alipokiweka. Aliponunua baiskeli alituandikia barua kuhusu kengele peke yake. Mtu yule hangeweza kununua ploti akanyamaza. Angesimamisha bango.

Hilo nililijua siku ile nikiwa nimesimama uwanjani. Nililijua kuliko mtu yeyote aliyekuwapo, na halikunijia.

Nilimwendea baba mdogo kwanza. Nilimwambia sasa nina jibu. Alikuwa akinoa panga. "Jibu ya nini?"

"Ile uliniuliza. Ninamwamini."

"Miwa imeshika vizuri," akasema. "Unataka ing'olewe?"

Basi nikaenda Kitale. Chumba kilikuwa na televisheni tatu sasa, na pazia mlangoni. Mulamwa alikuwa akipangusa kioo cha mojawapo kwa kitambaa. Alikuwa amenenepa kidogo na nywele zilikuwa zimerudi. Nilimpa daftari, akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka rafuni bila kulifungua.

"Nimekuja kukuambia ninaamini," nikasema. "Hakukuwa na ploti."

"Umemwambia baba mdogo?"

"Nimemwambia. Ameshapanda."

Aliendelea kupangusa. Vijana wawili walikuwa wakicheza nyuma yake na hawakugeuka.

"Sasa mimi unaniambia ya nini?" akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua.

Niliuliza watoto wanaendeleaje, akasema wako shule, mkubwa anachora. Nikasema hiyo ni vizuri. Alinionyesha benchi. Nilikaa nikitazama mtu mdogo wa kwenye televisheni akivuka daraja, akianguka, akianza tena, mpaka saa za gari za kurudi Bungoma zikafika. Nilipoaga alinisindikiza hadi mlangoni, akashika pazia.

"Haya," akasema. "Salimia watu."

Ndivyo mtu anavyomwambia mgeni.